Nani Ana Ufunguo wa Darasa Saa Tisa Usiku? Niliyojifunza Katika Kamati ya Maafa ya Kata Yetu, Moshi

Mvua inayotuletea mafuriko sisi wakazi wa upande wa chini wa Moshi mara nyingi hainyeshi kwetu. Hunyesha juu, katika msitu wa Kilimanjaro upande wa kusini, ambako kwa mwaka huanguka zaidi ya milimita 2,000 za mvua, kiasi kinachozidi mara mbili kile tunachopata hapa mjini. Maji hayo hushuka kwa kasi kupitia mito kama Karanga, Weruweru na Rau, yakapita vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na chini ya madaraja, kisha yakafika kwenye tambarare za kuelekea Mabogini na Kahe, ambako ardhi imelala na mto hauna namna isipokuwa kutanuka. Mwisho wa safari yake ni bwawa la Nyumba ya Mungu. Mtu wa huku anaweza kwenda kulala akiwa ameziona nyota, akaamka usiku wa manane na kukuta maji yameshaingia chumbani. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo lililoamua karibu kila kitu tulichokipanga: anayesubiri kuona mvua kwa macho yake ndipo ajiandae, huku kwetu amekwisha kuchelewa.

Nilifanya kazi ya uuguzi hadi nilipostaafu, na muda mfupi baadaye mtendaji wa kata aliniita ofisini kwake. "Mama," aliniambia, "tunaiunda upya Kamati ya Maafa, na tunahitaji mtu wa afya ambaye hahamishwi." Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyoielewa siku ile. Mganga wa zahanati huhamishwa, mwalimu mkuu huhamishwa, polisi kata huhamishwa, na yeye mwenyewe alijua kwamba barua yake inaweza kuja wakati wowote. Wanaobaki na mto ni wakazi.

Kwa upande wa sheria mambo yamewekwa wazi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2015, inataka kamati ziwepo kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Kamati ya mkoa inaongozwa na Mkuu wa Mkoa, ya wilaya na Mkuu wa Wilaya, na uratibu wa nchi nzima uko katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kwenye Idara ya Menejimenti ya Maafa. Ni mpangilio mzuri na ninauheshimu, kwa sababu bila huo hakuna helikopta, hakuna mahema, hakuna madaktari wa ziada. Hata hivyo, taarifa hupanda ngazi hiyo hatua kwa hatua na msaada hushuka hatua kwa hatua, na kabla haujafika kuna saa kadhaa ambazo mtaa unajitegemea wenyewe. Kazi ya kamati ya kata, kama ninavyoielewa sasa, ni kuzipanga saa hizo.

Kikao cha kwanza nilichohudhuria kilipitia mpango ulioandikwa vizuri, wenye jedwali na majukumu ya kila idara. Ulisema kwamba mafuriko yakitokea, waathirika watahifadhiwa katika shule ya msingi iliyoko sehemu ya juu ya kata. Wote tulitikisa vichwa kukubali. Ndipo mzee mmoja, mjumbe wa mtaa ulio karibu kabisa na mto, akauliza kwa utaratibu: "Nani ana ufunguo wa darasa saa tisa usiku?" Kikao kilichobaki kilikuwa cha kulijibu swali hilo. Mwalimu mkuu anaishi upande wa pili wa mji. Mlinzi ana ufunguo wa geti tu. Funguo za madarasa hutundikwa ofisini, na ufunguo wa ofisi hubaki kwa mwalimu wa taaluma, ambaye usiku huzima simu yake kama watu wengine wote. Kwa maneno mengine, kwa mujibu wa mpango ule watu walikuwa wamepewa hifadhi, lakini kwa mujibu wa kufuli wangekesha uwanjani na watoto wao kwenye mvua.

Swali la mzee yule lilibadilisha namna tulivyofanya kazi. Kila sentensi ya mpango tuliigeuza kuwa swali la nani, wapi na saa ngapi. Mpango uliposema "usafiri utapatikana", tuliuliza gari la nani, dereva anaishi wapi na mafuta yanalipwa na nani usiku ambao hakuna afisa wa kuidhinisha malipo. Uliposema "wananchi watajulishwa", tuliuliza kwa sauti gani umeme ukikatika. Suala la ufunguo lilimalizwa kwa barua kutoka shuleni na nakala tatu: moja kwa mlinzi, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja kwa mama muuza duka anayeishi mkabala na geti, ambaye kwa kazi yake huwa hayupo mbali. Ilichukua muda kuliko mtu anavyoweza kudhani, kwa kuwa shule ina vitabu na madawati ya kulinda, na mwalimu mkuu alikuwa na haki kabisa ya kutaka maandishi ya nani atawajibika kitu kikipotea.

Baada ya hapo tulianza kazi ambayo binafsi naiona kuwa ndiyo moyo wa maandalizi yote, nayo ni daftari. Tulinunua kaunta buku ya kawaida, tukaichora mistari, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba tukiwa na balozi wa nyumba kumi wa eneo husika. Tuliuliza mambo machache: wanaolala humu ni wangapi, mlango unaofunguliwa usiku ni upi, madirisha yana nondo au hayana, simu inayobaki wazi usiku ni ya nani, na kuna nani ambaye hawezi kutoka peke yake. Katika nyumba moja tulimkuta binti anayemuuguza mama yake aliyepooza. Alituonyesha jinsi anavyomgeuza, jinsi mlango wa chumba ulivyo mwembamba, na ngazi mbili za kushuka uani ambazo yeye peke yake hawezi kumpitisha mama. Tulijaribu pale pale kwa ridhaa ya mama mwenyewe. Toroli halikupita mlangoni. Shuka iliyoshikwa pembe nne ilipita, lakini wabebaji wawili wa mbele walilazimika kutoka kinyumenyume, na ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa na msumari uliomparua mmoja wao mkono. Msumari uling'olewa siku hiyo hiyo, na vijana wanne wa jirani wakaandikwa majina mbele ya jina la mama huyo. Mimi nimehudhuria semina nyingi za maafa zenye vitabu vizuri na posho nzuri, lakini hakuna iliyonifundisha kama chumba kile.

Jambo moja nililisimamia kwa ukali kama muuguzi. Hatukuandika ugonjwa wa mtu. Wajumbe wengine walitaka tuandike yote, wakidhani kwamba taarifa ikiwa nyingi ndiyo bora, lakini daftari hupita mikononi mwa watu wengi, na mtu akijua kwamba siri yake itasomwa na mgambo atajificha na hatahesabiwa kabisa. Tukakubaliana juu ya maneno matatu tu: "kubebwa", "kuongozwa" na "dawa". La kwanza ni la asiyeweza kutembea, la pili ni la asiyeona, asiyesikia, mzee sana au mtoto anayebaki na bibi, na la tatu linamkumbusha anayemwamsha mtu huyo amuulize kama amebeba dawa zake. Dawa ipi, hilo ni lake na mganga wake.

Upande wa taarifa za tahadhari, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kabla ya Masika ya Machi hadi Mei na kabla ya Vuli ya Oktoba hadi Desemba, na hutoa pia utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano, wenye viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Watu wengi huzipokea taarifa hizo kwenye simu, wakazisambaza kwa wenzao, kisha wakaendelea na shughuli zao, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kila kiwango kinawataka wafanye nini. Sisi tuliamua kila kiwango kiwe na kazi yake. Likitoka angalizo, mifereji inazibuliwa, funguo zinakaguliwa na kila anayehusika anahakikisha simu yake ina chaji na vocha. Ikitoka tahadhari, mgambo wanaanza zamu ya usiku darajani. Ikitoka tahadhari kubwa, wenye alama ya "kubebwa" wanahamishiwa kwa ndugu au majirani wa sehemu ya juu kabla ya jua kuzama, hata kama mbingu ni nyeupe.

Hili la mwisho lilipata upinzani. Mzee mmoja alimwambia mwenyekiti wetu, "Mnanitoa kwangu kwa ajili ya mvua isiyoonekana?" Na kweli zipo siku tuliwahamisha watu na mto ukabaki kama ulivyo. Naamini bado kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Mtu mwenye miguu yake anaweza kusubiri hadi maji yaonekane, lakini anayehitaji watu wanne wa kumbeba hawezi, kwa kuwa saa hiyo hao wanne watakuwa wameshika watoto wao wenyewe. Tuliligeuza jambo hilo kuwa la heshima: familia inayopokea mgeni inajulikana mapema, chakula kinachangiwa, na mzee haendi kama mkimbizi bali kama mgeni wa nyumba.

Utabiri wa nchi nzima hauwezi kukwambia mto wako umefika wapi saa hii. Kwa hilo tulihitaji macho ya watu wa juu. Kilimanjaro ina utamaduni wa siku nyingi wa mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba ya vihamba, na kila mfongo una wazee wake wanaoufungua na kuufunga kwa zamu. Hao huuona mto kila siku kuliko afisa yeyote. Tulipanda kwenda kuwasalimia kwa utaratibu unaostahili, tukaeleza shida yetu, na tukabadilishana namba na wazee wa mifongo, katekista mmoja na mwenye duka lililo karibu na daraja la juu. Tulikubaliana wasituambie "maji mengi", kwa sababu mengi ya mtu mmoja ni machache ya mwingine, bali watuambie maji yamegusa nini: jiwe kubwa la kufulia, ngazi ya chini ya kibanda cha mfongo, au boriti la daraja. Mzee mmoja alitufundisha pia kusikiliza. Mto ukianza kugongesha mawe kwa chini, alisema, usisubiri kuuona. Kwa upande wetu, baada ya kuomba kibali, tulipaka rangi nguzo ya daraja la kwetu kwa mistari mitatu, ili kijana wa zamu asihitaji elimu yoyote isipokuwa kuona maji yamefika mstari gani.

Kuhusu sauti ya kuwaamsha watu, tulianza na vipaza sauti vya msikiti na kengele ya kanisa. Imamu na mchungaji walikubali bila shida, ila wote wawili walitaka mlio wa dharura utofautiane na adhana, ibada na taarifa ya msiba. Kisha tukakumbuka kwamba umeme unaweza kukatika kabla maji hayajafika, hivyo tukaongeza filimbi kwa mgambo na mabalozi. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na watu wa mtaa wetu wanaijua methali hiyo tangu utoto, lakini tulipaswa kuwaeleza jambo lenyewe ni lipi: milio mirefu inayofuatana maana yake toka sasa, elekea shuleni kwa njia ya juu, usipite darajani. Jirani wa mama mmoja asiyesikia alipewa jukumu la kwenda kumgusa bega.

Tulifanya zoezi la majaribio Jumamosi, tukaliunganisha na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, wa kusafisha mifereji kwa kuwa siku ya msaragambo watu hujitokeza. Zoezi lilifichua mambo ambayo hakuna karatasi ingeyafichua. Kichochoro tulichokiandika kuwa njia kuu ya kutokea kilikuwa kimezibwa na rundo la matofali la mtu anayejenga. Akina mama kadhaa walifika shuleni kisha wakarudi, kwa sababu mbuzi walikuwa wamebaki bandani. Na wanaume wengi hawakutoka kabisa. Nilipowauliza, jibu lilikuwa moja: nikiondoka, nani atailinda nyumba? Hofu ya wizi inaweza kumzuia mtu ndani hadi maji yanapofika kiunoni, na kumwita mkaidi hakumsaidii. Kwa hiyo tuliuteua uwanja wa mpira kuwa mahali pa mifugo, na tukapanga mgambo wawili wabaki kwenye mwinuko ulio jirani wakiwa na tochi, kazi yao ikiwa kulinda nyumba zilizoachwa. Baada ya hapo wanaume walianza kusikiliza.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo Desemba 3, 2023, siku ambayo sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, iliporomoka na tope likashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walifariki. Hanang ni mlima kama wetu, ingawa mfupi zaidi, na watu wake wanaishi chini yake kama tunavyoishi sisi. Masika iliyofuata nchi nzima iliguswa. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko yalikuwa yamesababisha vifo vya watu 155 na majeruhi 236. Mwezi huo huo, Aprili 12, gari la wanafunzi lilisombwa na maji katika korongo jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Habari hiyo ilituumiza sana, na ilitufanya tuwaite madereva wa magari ya shule na bodaboda wanaobeba watoto, kundi ambalo halikuwa limeandikwa popote katika mpango wetu. Tuliweka nao orodha ya vivuko visivyopitika mto unapovuka mstari wa pili, na wazazi wakakubali kwa maandishi kwamba dereva akirudisha mtoto shuleni kwa sababu ya maji, hatalaumiwa na nauli haitakatwa. Bila makubaliano hayo dereva husukumwa na hofu ya kulaumiwa, naye hujaribu kuvuka.

Mto ulipotoka kwenye kingo zake huku kwetu Masika hiyo, simu kutoka juu ilitangulia. Kijana wa darajani alithibitisha mstari wa pili, filimbi zikalia, na madarasa yakafunguliwa na yule mama wa duka kwa sababu mlinzi alikuwa upande wa pili wa maji. Nyumba kadhaa za tofali za udongo zilianguka, na vyakula vingi vikaharibika. Watu wa daftari letu tuliwahesabu asubuhi kwa kuwaita majina, na wote waliitikia.

Nilichokuwa sijakitilia uzito wa kutosha ni siku zinazofuata. Shule ya msingi ina matundu ya vyoo ya watoto wa mchana, na ghafla ikawa na familia nzima nzima usiku na mchana. Uzoefu wangu wa wodini uliniambia kwamba baada ya maji huja kuhara, na kipindupindu hakihitaji mwaliko. Tuliweka ndoo za maji ya kunawa zenye koki mlango wa kila choo, maji ya kunywa yakachemshwa au kutiwa dawa ya klorini kwa zamu za akina mama waliopewa kipimo maalumu, na tukatenga darasa moja kwa wanaonyonyesha na wasichana, lenye taa na mlango unaofungwa kwa ndani. Hili la taa na mlango ninalisisitiza kwa viongozi wanaume wa kamati zote, kwa sababu katika msongamano wa namna ile usalama wa binti hauwezi kuachiwa nia njema za watu.

Kisha ikaja tathmini. Fomu za madhara zinataka jina kamili, namba ya kitambulisho, na maelezo ya mali, wakati vitambulisho vya watu wengi vilikuwa vimelowa au vimechukuliwa na maji. Wenye nakala walihudumiwa mapema, wasio nazo wakasubiri. Tangu wakati huo tunawahimiza watu waweke nakala za kitambulisho, kadi ya kliniki na hati za nyumba kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa na kutundikwa karibu na mlango, na mwenyekiti wa mtaa anatunza orodha ya namba kwa wanaoridhia.

Fedha ndilo eneo gumu kuliko yote. Kata haina fungu la dharura mkononi, na bajeti ya halmashauri ina matakwa mengi. Niliona ofisi moja ikishindwa kutoa mafuta ya gari kwa sababu mwenye mamlaka ya kusaini alikuwa safarini na hakukuwa na aliyekaimu. Simlaumu aliyekataa, kwa kuwa fedha za umma zina taratibu zake, lakini kukaimu ni jambo la kupangwa Februari, kabla ya Masika. Sisi tulichoweza ni kuandikiana mapema na wenye maduka, mashine ya kusaga na kituo cha mafuta: kwa hati yenye sahihi ya mtendaji na mjumbe mmoja wa kamati, watatoa unga, maharage, mafuta ya kula na dizeli hadi kiwango kilichokubaliwa, kwa bei ya siku ya kawaida, na kulipwa kutokana na michango ya kaya, makanisa, misikiti na vikundi. Bei ilikuwa muhimu kuandikwa, kwa maana maafa hupandisha bei hata kwa watu wema.

Moto ni habari nyingine, nami nitaieleza kwa ufupi kwa sababu tumeufanyia kazi kidogo kuliko maji. Watu wetu wengi hawakuwa wanajua kwamba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa namba 114. Hata waliojua hawakuwa wamejizoeza kueleza walipo, na nyumba za mitaa kama yetu hazina anwani ambayo mgeni anaiona gizani, kwa hiyo tulikubaliana kwamba anayepiga simu ataje shule, msikiti au gereji iliyo karibu, na kijana mmoja akimbilie barabara kuu kuliongoza gari. Tulitafuta pia yale mabomba ya barabarani ambayo gari la zimamoto hujazia maji, na lile la karibu nasi tulikuta limefunikwa na kifusi na meza ya biashara. Meza imesogezwa. Kuhusu mikusanyiko mikubwa, Moshi haiwezi kusahau Februari 1, 2020, watu 20 walipofariki katika msongamano kwenye Uwanja wa Majengo mwishoni mwa ibada ya hadhara. Tangu nilipoingia kwenye kamati, mkusanyiko wowote mkubwa ndani ya kata unapoombewa kibali tunakwenda kutazama njia za kutokea, tukiwa na mita ya fundi, na tunauliza milango gani itakuwa wazi wakati wote na nani amesimama kila mlango.

Novemba 27, 2024 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na baadhi ya wenyeviti tuliofanya nao kazi hawakurudi. Mtendaji naye alihamishwa kama alivyotabiri. Hapo nilielewa kwa nini alitaka mtu asiyehamishwa. Tuliandaa kikao cha makabidhiano, wenyeviti wapya wakapitishwa nyumba kwa nyumba na daftari mkononi, wakaonyeshwa ilipo kila nakala ya ufunguo, wakapelekwa hadi juu kusalimiana na wazee wa mifongo. Mmoja wa wazee hao alimwambia mwenyekiti kijana, "Mimi simpigii simu mtu nisiyemjua uso," na ninadhani alikuwa sahihi.

Linalobaki, na ambalo kamati ya kata haina uwezo wa kulimaliza, ni kaya zinazoishi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, umbali ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda. Baadhi yao walinunua viwanja kwa nia njema wakiwa na karatasi zilizoshuhudiwa mtaani, wengine wamerithi kwa wazazi. Kuwaambia waondoke bila pa kwenda ni kuwahamishia kwenye ukingo wa mto mwingine. Tumeorodhesha kaya hizo, zipi zina wapangaji na zipi zina wenye nyumba, zipi zina wazee, na zipi ziko tayari kuhama zikipewa kiwanja chenye maji na barabara, na orodha hiyo tumeipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya bajeti ijayo kupangwa. Mheshimiwa diwani ameahidi kulisimamia ombi hilo katika baraza. Wakati tunasubiri, majina ya kaya hizo tumeyahamishia kurasa za mwanzo za daftari, na mgambo wa zamu ameagizwa asisubiri mstari wa pili kuzigongea: maji yakigusa wa kwanza, wao wanaamshwa.